Umeinstoli programu mpya, mafaili yako yamehamia kwa mwengine: jinsi ya kujua nani kayachukua na kuyarudisha

Kaa kwenye steshenari yoyote ya Darajani au Chake Chake asubuhi moja utayasikia haya malalamiko, maneno yanabadilika lakini jambo ni lile lile. "Faili langu limeharibika." "Word imetoka kwenye leptop." "Nimeweka programu ya kusomea PDF sasa kila kitu kimegeuka alama yake." Halafu hakosi mtu wa pembeni anomwambia hiyo dawa yake kupiga Windows mpya tu, na mwenye leptop kwa vile ana haraka ya kuprinti anakubali, anaondoka kalipia na picha zake zilokuwa kwenye desktop zimekwenda na maji.

Basi kabla hujafika huko. Mara nyingi sana faili halijaguswa hata herufi moja, kilobadilika ni nani anaitwa kulifungua ukilidabokliki, na hicho ni kijisehemu kidogo mno cha Windows ambacho programu mpya inakiandika upya pale unapoiinstoli. Kukirudisha si kazi. Kazi ni kujua umeguswa wapi maana dalili zinafanana na sababu zake hazifanani, na ndo maana mtu anabadilisha leo kesho imerudi vile vile anaona kompyuta ina shetani.

Wakati hujajua bado, vitu viwili usifanye. Usilipe jina jipya faili ukidhani ukiandika .docx mwisho wake litakuwa la Word, jina halibadilishi kilichomo ndani. Na usibonyeze Save ndani ya hiyo programu mpya ilokufungulia faili kwa nguvu, angalia tu kisha funga bila kusave, nitakwambia kwa nini chini huko.

Washa ekstensheni kwanza

Windows ikija inaficha ile sehemu ya mwisho ya jina la faili, na bila kuiona unatibu ugonjwa kiza kiza. Windows 10 fungua folda yoyote, nenda View, tia tiki "File name extensions". Windows 11 ni View, halafu Show, halafu hiyo hiyo. Sasa utaona barua.docx, fomu.pdf, qaswida.mp3. Ekstensheni ni kama jina la baba, ukisikia Juma tu hujui wa nyumba gani lakini Juma Khamis unajua pa kumpeleka, na Windows inafanya hivo hivo, haitazami ndani ya faili inatazama jina la mwisho kisha inaangalia kwenye daftari lake hawa wa .docx tulikubaliana nani anawapokea.

Hilo daftari ndo rejista, na lina tabaka mbili, hapa tulia kidogo maana kila kitu kinachokuja chini kinategemea hapa. Tabaka ya kwanza ni ya kompyuta nzima, humo kila programu ikiinstoliwa inajiandikisha kwamba mie nnaweza kufungua aina hii na hii. Tabaka ya pili ni yako wewe mtumiaji, humo inakaa ile uloichagua kwa mkono wako, inaitwa UserChoice, na hii ndo yenye nguvu zaidi. Tangu Windows 8 ya 2012 Microsoft wakaongeza kitu kama muhuri kwenye hiyo UserChoice, yaani namba inopigwa hesabu kutokana na chaguo lako na akaunti yako, ili programu isiweze kuingia kimya kimya ikajiandika yenyewe. Muhuri usipolingana Windows inalitupa hilo chaguo na kurudi kwenye difolti, yaani ile programu iliyopangwa na Windows yenyewe.

Sasa utaniuliza kama kuna muhuri mbona bado zinachukua? Kwa sababu watu wengi hawana chaguo lolote kwenye tabaka ya pili. Leptop imekuja, Word imewekwa, .docx zinafunguka na Word, hujawahi kuchagua kitu, kwa hiyo unadhani una mpangilio wako kumbe huna, ilobaki ni tabaka ya kwanza tu na humo alojiandikisha mwisho anaweza kumpiku alotangulia. Na nyengine zinakuomba ruhusa wewe mwenyewe kwenye madirisha ya kuinstoli, tiki imeshatiwa, wewe unapiga Next Next Next. Na kuna chache zisizo na haya zimejifunza kuugushi huo muhuri. Windows 7 ndo kabisa, muhuri haupo, na mashine za Windows 7 bado zipo madukani na maskulini ijapokuwa Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020.

"Word zangu zote zinafunguka na programu nyengine"

Hii ndo inayoongoza. Mtu kadanlodi ofisi ya bure, au kapewa na flashi, kaiweka kwa sababu ya kitu kimoja tu labda kugeuza PDF, toka siku hiyo .docx, .xlsx na .pptx zote zina alama mpya.

Njia inofanya kazi Windows zote kuanzia 7 mpaka 11 ni hii, raiti kliki juu ya faili, Properties, utaona mstari wa "Opens with" na jina la programu inoshika sasa hivi, pembeni yake kuna Change. Bonyeza, chagua Word, OK. Naipenda hii kuliko ile ya "Open with" kwa sababu inakuonesha kwanza nani kakamata kabla hujabadilisha, na haina ule mtego wa kufungua mara moja tu.

Watu wanakwama hapa: ekstensheni kila moja iko mbali mbali. Umerudisha .docx, ukasherehekea, kesho inakuja barua ya ofisi imeandikwa kizamani kwa .doc inafunguka kule kule ukasema "imerudi tena". Haijarudi, hiyo hukuigusa. Fanya .doc na .docx, .xls na .xlsx, .ppt na .pptx, na .rtf kama unaitumia. Ukitaka kuzifanya kwa mkupuo kwenye Windows 10 nenda Settings, Apps, Default apps, shuka chini "Set defaults by app", chagua Word uone orodha yake yote. Windows 11 ukifika Default apps bonyeza jina la Word kwenye orodha, au andika .docx kwenye kile kisanduku cha juu.

Halafu kabla hujafunga mjadala ingia kwenye ile programu ilokamata, kwenye mipangilio yake, utafute sehemu ya mafaili inayoyashika na utoe tiki. Usipofanya hivo siku ikijiapdeti inaweza kujiandikisha upya. Kama huihitaji itoe kabisa, lakini itoe baada ya kuchagua Word, maana ukianza kuitoa wakati .docx bado zimeelekezwa kwake mafaili yanabaki na alama nyeupe isiyo na mwenyewe na Windows inakuuliza kila mara nifungue na nini. Hilo pia halina madhara, unachagua tu, lakini mwenyewe atapata presha.

Na ile ya kutosave. Fonti zilizomo kwenye Windows ni zile zile, ila kila programu inapanga mistari na majedwali kwa hesabu zake, kwa hiyo ukurasa wa 40 wa ripoti ya mwanafunzi wa chuo cha Tunguu unaweza kuhamia wa 42, orodha ya yaliyomo ikasema uongo, kichwa cha jedwali kikabaki ukurasa mmoja na jedwali lenyewe jengine. Mitihani ya madrasa ndo mateso zaidi, ukurasa una Kiswahili kutoka kushoto na aya za Kiarabu kutoka kulia ndani ya visanduku vya maandishi, ukifungua kwengine mabano yanageuka upande na namba za masuala zinahamia pembe nyengine. Ukitazama tu na kufunga, ukirudi Word iko salama. Ukisave humo ndo umeandika mpangilio mpya juu ya wa zamani, na hapo kurudisha association (yaani ule mpango wa aina gani ya faili inafunguliwa na nani) hakukusaidii kitu, ni kukaa kuupanga upya.

"Settings inasema Word lakini bado inafunguka nyengine"

Hii ni nadra ila inatesa kwa sababu kila unachokiangalia kiko sawa. Hapa programu haikugusa chaguo lako, imegusa ule mstari wa rejista unosema "Word iko wapi na inaitwaje". Yaani jina bado ni la Word lakini anwani ilokuwepo chini yake ni ya mtu mwengine. Inatokea pia mashine ikiwa na Office mbili, ya zamani hukuitoa ukaweka mpya juu yake, zinanyang'anyana. Usihangaike na rejista hapa, nenda Control Panel, Programs and Features, tafuta Microsoft Office, bonyeza Change kisha Quick Repair. Inaandika anwani zake upya na mafaili yako haiyagusi. Kama Office mbili ni kweli zipo, toa moja kabla hujarepea.

"PDF zinafunguka kwenye kivinjari"

Watu wanalaumu programu waloinstoli juzi lakini hapa aghlabu mshukiwa ni Windows yenyewe. Toka Windows 10 ilipotoka 2015, kisomaji cha PDF cha difolti ni Edge, kivinjari cha Microsoft wenyewe. Una Adobe Reader, ulikuwa nayo miaka, ikapita apdeti kubwa ya Windows, asubuhi PDF zinafunguka Edge. Au utaona tangazo pembeni ya skrini linasema "An app default was reset", maana yake kuna programu ilijaribu kujiandika, muhuri haukulingana, Windows ikafuta na kurudisha yake. Kwa hiyo mchokozi si yule anofungua sasa, ni yule alojaribu. Jiulize nini kimeinstoliwa au kujiapdeti karibuni.

Rudisha kwa Properties kama juu, na ufanye kwa mkono wako. Nasema kwa mkono kwa sababu kuna mafundi wana viskripti (vijifaili vya amri) vya kubadilisha difolti kwa kompyuta nyingi na toka 2024 Microsoft waliongeza ulinzi mwengine ndani ya Windows 10 na 11, faili lake linaitwa UCPD.sys, unozuia programu za nje kuandika chaguo la kivinjari na la PDF. Skripti inamaliza haisemi kosa lolote na hakuna kilobadilika. Mwenyewe ukichagua kupitia Settings au Properties inakubali.

Jengine kuhusu PDF, na hili linawahusu wenye steshenari: PDF kufunguka kwenye kivinjari siyo ugonjwa kwa mtu wa kusoma tu. Tatizo ni fomu za kujaza na kuprinti. Fomu nyengine zina visehemu vya kujaza ambavyo kivinjari hakivioneshi sawa, unaona kurasa tupu au maandishi ya kukwambia subiri, kumbe faili zima, limefunguliwa pasipo pake. Mteja akikwambia fomu hii mbovu, raiti kliki uifungue na Adobe kwanza.

"Nimebadilisha, inarudi"

Hapa usibadilishe tena, tafuta inarudi lini.

Inarudi kila unapodabokliki faili jengine? Basi ulichagua mara moja tu. Windows 11 ina vitufe viwili chini, "Always" na "Just once", na ya 10 ina kitiki cha "Always use this app". Ukisahau, umefungua hilo moja.

Inarudi ukizima na kuwasha? Kwenye kompyuta ya kukodi, ya maabara ya skuli, au ya intaneti kafe, uliza kama imewekwa Deep Freeze. Hiyo ni programu inoigandisha mashine, kila ikiwaka inarudi kama ilivyokuwa siku ilipogandishwa, iwe umebadilisha mandhari, umeinstoli kitu, umechagua Word, vyote vinayeyuka. Huna la kufanya mpaka mwenye paswedi aifungue, abadilishe, aigandishe tena. Angalia pembeni ya saa kama kuna alama ya dubu. Hata kama hakuna si hoja, inaweza kufichwa.

Inarudi ukitoka kwenye akaunti na kuingia tena, na mashine ni ya ofisi yenye seva? Hapo ni sera. Wasimamizi wa mtandao wanaweza kuweka faili moja la difolti kwa wafanyakazi wote na Windows inalisoma kila mtu anapoingia. Zungumza na mtu wa IT wa ofisi, usipigane nayo, hutashinda.

Inarudi baada ya wiki kadhaa bila mpangilio? Programu inajiapdeti kimya. Soma kile nilichosema cha kutoa tiki ndani ya programu yenyewe.

Na kama inarudi kwenye akaunti yako lakini kwenye akaunti nyengine ya kompyuta hiyo hiyo iko sawa, hilo ni jibu zuri sana hilo. Kwa kweli hiki ndo kipimo changu nnachokipenda kuliko vyote. Tengeneza akaunti mpya ya majaribio, ingia, dabokliki faili. Huko sawa kwako si sawa, tatizo liko kwenye tabaka yako ya mtumiaji. Kote si sawa, liko tabaka ya kompyuta nzima. Unakuwa umeshagawa nyumba nusu kabla hujafungua kitu, na akaunti ya majaribio unaifuta baadae.

"Alama zote za desktop zimekuwa moja, nikibonyeza chochote inafunguka ile ile"

Hii mtu akikuletea utamkuta kashatoka jasho. Chrome inafungua kisoma PDF, Word inafungua kisoma PDF, kila kitu kinafungua kisoma PDF, na kinalalamika faili hili siwezi. Inatisha lakini ni kitu kidogo. Zile alama za desktop si programu, ni shotikati, na shotikati nazo ni mafaili yenye ekstensheni yake .lnk ambayo Windows haikuoneshi hata ukiwasha ekstensheni. Mtu au programu kaiambia Windows kwamba .lnk zinafunguliwa na fulani, basi kila shotikati inapelekwa kwa fulani.

Huwezi kulitengeneza kwa "Open with" maana hakuna programu ya kuichagua, .lnk haitakiwi kuwa na programu. Inatakiwa kufutwa hilo chaguo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kijidirisha kikitokea andika regedit, Enter. Hakihitaji shotikati kwa hiyo kinafunguka. Teremka njia hii:

HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\FileExts\.lnk

Raiti kliki juu ya .lnk, Export, weka nakala mahala, hilo usiliruke hata kama una haraka. Kisha fungua .lnk, utaona UserChoice chini yake, hiyo futa. Usifute folda nyengine ukidhani unasafisha. Toka kwenye akaunti uingie tena, alama zinarudi kila moja na sura yake. Kama UserChoice haikuwepo hapo, rudi kwenye kile kipimo cha akaunti mpya, yamkini imeguswa ile tabaka ya kompyuta nzima na hapo HKEY_CLASSES_ROOT\.lnk inatakiwa thamani yake ya Default iwe lnkfile.

Ikiwa si shotikati bali programu zenyewe, yaani .exe, ndo zinakataa au zinafunguka na kitu chengine, usimalizie kwenye association. Programu ya kawaida haina sababu ya kugusa .exe. Virusi vina sababu. Skani mashine kwanza, kutoka Safe Mode (ile hali Windows inawaka na vitu vya lazima tu) ikiwezekana, rejista baadae.

Muziki, video na mafaili ya zip

Hapa sina mengi. Umeweka VLC, .mp3 zote za qaswida na juzuu za msahafu zimevaa koni ya rangi ya chungwa. Kwenye kuinstoli VLC kuna orodha ya vipengele, kimojawapo kinahusu aina za mafaili, kikunjue utoe tiki kwenye sauti ubakishe video ukitaka. WinRAR nayo ikimaliza kuinstoli inaleta dirisha lenye visanduku vya RAR, ZIP, ISO na wenzao, watu wengi wanabonyeza OK bila kusoma. Toa tiki kwenye ISO angalau, maana Windows 8 kwenda juu inazifungua ISO yenyewe kama CD na ukimpa WinRAR unaipoteza hiyo. Umeshapita hapo? Fungua WinRAR, Options, Settings, Integration, visanduku ni vile vile. 7-Zip ni Tools, Options.

"Programu nnayoitaka haimo kwenye orodha"

Umebonyeza Change, orodha imekuja, yako haimo. Mara nyingi ni ile isoinstoliwa, ya kunakili na flashi tu kisha inatumika, hizo hazijiandikishi popote. Shuka mwisho wa orodha utafute sehemu ya kuchagua programu kutoka kwenye kompyuta, uitafute .exe yake mwenyewe. Iweke kwanza mahala pa kudumu, kwa sababu ukiichagua ikiwa kwenye Downloads au kwenye flashi, siku ukiihamisha mafaili yanakosa pa kwenda. Na zipo ambazo unazichagua, unabonyeza OK, hazitokei kabisa, kwa kawaida ni kwa sababu folda yake imehama na Windows bado inakumbuka anwani ya zamani kwa jina lile lile. Iinstoli upya pale pale au toa ile ya zamani.

Alama nyeupe tu, lakini linafunguka sawa

Si association hiyo. Windows inaweka picha za alama kwenye akiba na akiba imechakaa. Windows na R, andika ie4uinit.exe -show, Enter. Isipotoka restati.

Na kama tatizo lenyewe si hili kabisa

Kuna mgonjwa anakuja na maneno haya haya lakini ana maradhi mengine. Flashi imepelekwa kuprinti steshenari tatu, ikirudi nyumbani mafolda yote yana kamshale na ukubwa wa kilobaiti moja mbili, ukibonyeza kinapita kidirisha cheusi haraka. Usiende Default apps na hiyo. Hayo si mafolda, ni shotikati zilotengenezwa na virusi na mafolda yako yamefichwa pembeni yake. Usizibonyeze tena. Skani flashi na antivairasi yenye apdeti, kisha fungua cmd (kidirisha cha kuandikia amri) andika hivi, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafolda yatatokea, nakili yako, futa shotikati.

Na mwengine ni fomu.pdf.exe. Kwa vile ekstensheni zimefichwa anaona fomu.pdf na alama ya PDF imebandikwa juu, anasema PDF yangu ikibonyezwa inaomba ruhusa ya msimamizi. PDF haiombi ruhusa ya msimamizi, hiyo futa.

Simu

Android ni kitu hicho hicho kwa njia fupi. PDF ya WhatsApp imekuja, simu ikauliza ifungue na nini, ukabonyeza "Always" kwenye programu yenye matangazo kila ukurasa. Nenda mipangilio ya simu, Apps, itafute hiyo programu ilokamata, si WhatsApp, watu wanakwenda kwenye WhatsApp hawaoni kitu. Ndani yake tafuta "Open by default" au "Set as default", kisha "Clear defaults". Utakapofungua PDF tena, simu itakuuliza upya.

Kuzuia, kwa wenye mashine nyingi

Kwa mtu mmoja: kabla hujainstoli kitu kipya, ingia Properties za .docx, .xlsx, .pdf na .mp3 uchague programu zako hata kama tayari ndizo zinofungua. Unaonekana kama unafanya kazi ya bure lakini hapo ndo unaiandika UserChoice, na mgeni akija anakuta pana mwenyewe, Windows itakuuliza badala ya kumpa. Halafu kwenye kuinstoli chagua Custom badala ya Typical, tiki nyingi zinajificha humo. LibreOffice kwa mfano inauliza waziwazi kama ishike mafaili ya Word, Excel na PowerPoint, wewe jibu tu.

Ukifika Default apps utaona kitufe cha Reset, kipo Windows 10 na 11. Jihadhari nacho. Hakirudishi mpangilio wako wa jana, kinarudisha wa Microsoft, PDF Edge, picha na video na muziki kwa programu zao, na ulochagua miaka mitatu yote unaanza upya.

Mwenye steshenari au maabara ya skuli yenye mashine kadhaa zinofanana, ipange moja vizuri kabisa kwa mkono, kisha kwenye hiyo fungua cmd kama msimamizi:

dism /online /Export-DefaultAppAssociations:C:\difolti.xml

Linatoka faili dogo lenye mpangilio wote. Linakili mashine nyengine weka pale pale kwenye C, halafu huko:

dism /online /Import-DefaultAppAssociations:C:\difolti.xml

Ila hii inawashika watumiaji wapya tu, akaunti itakayoingia kwa mara ya kwanza baada ya hapo. Akaunti zilizopo zinabaki na yao, kwa hiyo usiimpoti kwenye akaunti ya zamani ukakaa kusubiri ibadilike. Tengeneza akaunti mpya ya wateja, ingia, jaribu .docx na .pdf, na kama unatumia Deep Freeze hapo ndo uigandishe.